Bi Mwiko Karai Hajapokea Tangazo

Jumatatu, 3 Juni

Simu mia mbili na kumi na mbili! Nimezihesabu mwenyewe kwenye daftari la malalamiko, hapa Idara ya Maji, kitengo cha kompyuta. Wapigaji wote wimbo mmoja: tangazo la kukatika maji limewafikia saa kumi jioni, na maji yamekatika tangu saa tatu asubuhi. Mmoja kaniuliza kama siku hizi tunatangaza historia.

Uzushi mtupu. Mtuma matangazo ni mimi. Nilibonyeza saa mbili kamili, na nakala yangu ikaingia saa mbili na dakika moja. Ya Mkurugenzi vilevile. Nimewaeleza wateja hivyo, kwamba kwangu mimi imefika. Hawakufurahi. Watu hawana shukrani jamani.

Hata fundi wa valvu, mfungaji wa bomba kuu, kaipata mapema. Huyu ni mzee wetu, miaka kumi na tisa kazini. Tangu Mkurugenzi alipopiga marufuku karatasi, fundi hafungi maji mpaka barua pepe ya tangazo imfikie. Yuko namba tatu kwenye orodha. Ikiingia tu, huyo, spana begani, kwenda kufunga. Saa tatu, maji kwisha. Ni mtu wa maneno machache. Sijapata kumsikia akilalamika.

Jioni Mkurugenzi katuita, mimi na Profesa. Profesa ni dada wa meza ya pili. Jina nimempa mimi, maana ana vyeti vitatu na hutafuna kalamu akifikiri. Mkurugenzi anasema mkuu wa kitengo amestaafu, ofisi yake iko wazi, na wiki hii bomba kuu linasafishwa mara mbili tena, Jumatano na Ijumaa. Atakayefanya tangazo liwafikie watu kabla maji hayajakatika, ukuu ni wake.

Ofisi ile ina dirisha. Ina kiti cha kuzunguka! Mimi mwaka wa saba huu nakalia kiti kilichofungwa kwa waya. Lazima nikipate kile kiti, liwalo na liwe.

Nyumbani balaa. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kwa mwezi mzima, maji yalimkatikia akiwa na povu kichwani. Kakaa nalo hadi saa sita. Kaniuliza, kwa upole wa kutisha, mkwe wake anafanya kazi gani hasa. Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumanne, 4 Juni

Profesa kashinda ameinamia kumbukumbu za seva, anazisoma kama barua ya mchumba. Saa nane kanigeukia. Anasema seva ni nzima. Mgonjwa ni orodha. Wapokeaji elfu sita, na elfu mbili kati yao hawapo duniani. Seva inatuma kwa zamu, kuanzia juu kwenda chini. Ikifika kwenye anwani iliyokufa inapiga hodi, inasubiri, inapiga tena, na walio hai wote wamepanga foleni nyuma. Dawa yake: tuwafute wasiokuwepo, waliobaki tuwagawe vikundi vya hamsini hamsini. Kila mtu atapata ndani ya nusu saa.

Kisha kauliza, kwa sauti ya kawaida tu, Bi Mwiko Karai ni nani.

Jasho! Nimemjibu ni mama mmoja mstaarabu sana, ila anasafiri mno.

Ukweli nauandika hapa tu. Januari Mkurugenzi alitaka wateja elfu sita kwenye orodha kabla ya mkutano mkuu. Tulikuwa na elfu nne. Nikajitolea. Nilitunga majina mwisho wa juma mzima, nikiwa meza ya jikoni, na yaliponiishia nikaanza kutazama huku na huku. Bi Mwiko Karai. Bwana Sufuria Mfuniko. Ukoo mzima wa Kijiko, watu thelathini na sita. Wote nikawapenyeza katikati ya wateja wa kweli, wasionekane. Mkurugenzi alinipigia makofi mbele ya wageni. Sasa Profesa awafute? Elfu sita zirudi elfu nne, na watu waanze kuuliza nani aliwaingiza? Thubutu!

Nimemwambia kwamba kumfuta mteja ni kumkosea adabu. Tena nina njia yangu.

Jumatano, 5 Juni

Njia yangu: juu ya tangazo nimeandika HARAKA SANA, herufi kubwa, nyekundu. Seva ikiona wekundu itajua leo si mchezo. Saa mbili nikabonyeza.

Saa tatu maji yakakatika. Simu zikaanza. Seva inatambaa vilevile, haina hata aibu. Nikaizima, nikaiwasha. Lo! Ikaanza kutuma kwa kasi ya ajabu. Ilipopunguza mwendo nikaizima tena, nikaiwasha. Nimefanya hivyo mara tano, nikijisifu moyoni.

Kumbe kila ikiwaka inaanza upya na walewale wa juu. Mkurugenzi kapata HARAKA SANA mara sita, katikati ya kikao na wageni, simu yake inacheza mezani mpaka imeanguka. Fundi wa valvu naye mara sita, na kwa kuwa ni mtu wa utii, kaenda kwenye valvu mara sita kuhakikisha imefungwa. Wateja wa chini wamepata tangazo saa moja jioni. Maji yalikuwa yamesharudi, wameshaoga, wameshafua, na wengine tangazo limewatisha wakajaza ndoo upya.

Mkurugenzi kaniita. Kaniuliza kama nina akili timamu. Nikamjibu ninazo, tena nyingi. Hakucheka. Kamwambia Profesa aandike mpango wake, uwe mezani kwake Ijumaa jioni. Profesa kashukuru kwa adabu. Niliiona kalamu ikitabasamu mdomoni mwake.

Mama mkwe safari hii alikuwa anafua. Mashuka matatu yana sabuni, mawili hayana. Kaniangalia tu, toka viatu hadi kichwa. Heri angenitukana.

Kile kiti kinaniponyoka. Nimeumia, siwezi kuficha.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Nimepata! Mimi ni mtu hatari!

Nilikuwa namtafuta mama mkwe kwenye orodha, maana mke wangu alimsajili alipofika, ili nimfute, nimwambie kwamba hajawahi kusajiliwa, na hilo lingemaliza ugomvi nyumbani. Nikamkuta namba elfu tano mia nane na kumi na moja, kabanwa katikati ya ukoo wa Kijiko. Nikaganda. Mimi ni namba moja, napata asubuhi. Mkurugenzi namba mbili, anapata asubuhi. Mama wa watu yuko chini, anapata jioni. Basi shida si kuchelewa! Shida ni kwamba wenye midomo tumewaweka chini!

Anayelalamika apande juu. Kwisha. Profesa anaandika ukurasa wa nane saa hizi, na mimi mpango wangu unaenea kwenye kiganja.

Nimelichukua daftari la malalamiko, la Jumatatu na la Jumatano, nikawapandisha wote, mmoja mmoja, siku nzima. Hata chakula cha mchana sikwenda. Yule wa historia kapata namba nne. Mama mkwe nimempa heshima yake, namba tatu, chini ya Mkurugenzi.

Namba tatu ilikuwa ya fundi wa valvu. Nilisita kidogo. Kisha nikaona mtu asiyelalamika hana haraka. Nimempeleka chini kabisa, mtu wa mwisho kwenye orodha, nyuma ya Bi Mwiko Karai.

Profesa kapita nyuma yangu, kauliza nahamisha nini. Nimeifunika skrini kwa kifua, nikajifanya napiga chafya.

Ijumaa, 7 Juni

USHINDI!

Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili nimebonyeza. Saa mbili na dakika mbili mke wangu kapiga simu: mama amepata tangazo, anajaza ndoo, mabeseni, masufuria, hadi kikombe changu cha kunyolea. Saa tatu, simu ya ofisi kimya. Saa nne, kimya. Saa tano Profesa kaiinua kusikiliza kama ni nzima. Saa sita ikalia. Alikuwa yule wa historia. Kapiga kushukuru!

Saa nane wakashukuru wengine. Saa tisa wengine tena. Wanasema tangazo limefika, maji bado yanatoka, wamejaza kila chenye mdomo. Saa kumi na moja na robo jioni, ndipo maji yakakatika. Mji mzima ndoo zimejaa! Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Daftari la malalamiko leo lina tarehe tu.

Mkurugenzi kashuka ngazi mwenyewe. Kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Katamka mbele ya kitengo kizima, yaani mimi, Profesa na mama wa usafi, kwamba kwa mara ya kwanza tangu aingie kazini, tangazo limetangulia maji. Mpango wa Profesa kautia kwenye droo bila kuufungua. Ufunguo wa ofisi huu hapa, naandika nikiwa nimeushika. Nimeula!

Profesa kauliza swali moja tu. Kwa nini leo valvu imefungwa saa kumi na moja wakati siku zote hufungwa saa tatu? Kataka tumuulize fundi. Nimemwambia maswali ya namna hiyo yana jina lake, yanaitwa wivu. Mkurugenzi kacheka sana. Profesa katafuna kalamu mpaka imevunjika.

Nyumbani mama mkwe kaniita mwanangu. Kanivutia kiti. Kamwambia mke wangu ajue kwamba ameolewa na mtu. Mke wangu hakucheka. Nilimtazama makusudi, na hakucheka!

Jumatatu, 10 Juni

Kiti kinazunguka pande zote mbili. Nimejaribu hadi nimeona kizunguzungu.

Amri yangu ya kwanza kama mkuu: Profesa, akitaka kumfuta Bi Mwiko Karai, kwanza amtafute, amsalimie, athibitishe kwamba hayupo. Vivyo hivyo kwa ukoo wa Kijiko, mtu mmoja mmoja. Kaandika yote kwenye daftari lake, kisha kaniitikia mkuu. Nimelipenda neno hilo.

Saa tano fundi wa valvu kabisha hodi. Kofia mkononi. Nimemkaribisha kiti, kakataa, anasema nguo zake zina tope. Kasema hakuja kulalamika. Ni hivi tu: Ijumaa alisimama pale kwenye valvu tangu asubuhi, simu mkononi, spana miguuni, akingoja tangazo. Lilimfikia saa kumi na moja na dakika kumi. Ndipo akafunga, na akangoja usafi uishe ndipo afungue. Alifika kwake usiku, mkewe kavimba kwa hasira, hamsemeshi hadi leo. Anaomba, kama haitakuwa usumbufu, alipate asubuhi kama zamani.

Nusura machozi yanitoke. Mji mzima umekula matunda ya akili yangu, kaumia mtu mmoja tu, tena mpole kuliko wote! Mkuu lazima awe na moyo. Nimempandisha palepale, akiona kwa macho yake. Si namba tatu. Namba moja! Juu yangu, juu ya Mkurugenzi. Kesho bomba linasafishwa tena, na nikibonyeza tu saa mbili, tangazo litakuwa mkononi mwake. Mzee kanishika mkono, hakuuachia upesi. Kasema sasa atafunga mapema zaidi kuliko zamani zote.

Na wale wa daftari, kwa kuwa hawalalamiki tena, hawana haraka. Nimewarudisha chini, nyuma ya ukoo wa Kijiko, mama mkwe akiwa wa mwisho, maana siku hizi ametulia kuliko wote. Nafasi katikati nimezijaza vizuri: Mkurugenzi anataka elfu nane kabla ya mkutano ujao, nami nimeshaanza na vitu vya ofisini. Bwana Kabati Droo ameingia leo.

Mama mkwe kamwaga maji yote ya akiba, kazipindua ndoo uani. Anasema mwenye mkwe kama huyu hana haja ya kulundika mabeseni, atajaza tangazo likifika. Kesho saa tatu ataosha nywele, mchana ana wageni wake kutoka mbali. Kaniuliza kama kuna tatizo lolote. Nimemwambia ajipake sabuni ya kutosha, na asiwe na wasiwasi wowote.