Visikizi vya Kupimiwa

Jumatatu, 2 Juni

Aibu ya jana bado inaniwasha. Wimbo wa sadaka, kwaya iko juu, mimi niko chini, na sikujua mpaka mzee mmoja wa safu ya mbele alipoziba masikio. Kosa si langu. Kanisa limenunua mitambo mipya, spika zote zimegeuziwa waumini, na sisi wapigaji hatusikii chochote ila feni. Nimepiga kinanda cha kanisa letu la Ziwa la Ng'ombe tangu siku kilipotolewa kwenye boksi. Nimekipiga hata umeme ukiwa umepotea, nikijifanya, ili kwaya isivunjike moyo.

Baada ya ibada Mwalimu Pascalia, mkuu wa kwaya, alituita mimi na Oduor. Akasema kanisa linatimiza miaka kumi, askofu anakuja Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, na kinanda kitapigwa na mmoja wetu. Atatusikiliza mazoezini, Jumamosi ya kuamkia sikukuu. Atakayechaguliwa ndiye kiongozi wa wapigaji kuanzia hapo. Kisha, kwa upole unaouma, akaniambia nitafute visikizi vya masikioni nivichomeke kwenye mitambo, nijisikie ninavyopiga. Oduor anavyo tayari. Vya dukani, vyenye vipira, pamoja na amplifaya ndogo ya mfukoni ya kuongeza sauti. Alishuka nayo kutoka Kisumu kabla hata hajajua kuitikia shikamoo.

Jumatano, 4 Juni

Oduor ameniazima vyake nijaribu. Wema wake unanichosha. Kimoja kilidondoka nilipoinama, cha pili nilipoimba. Vipira viko vya saizi tatu na masikio yangu hayapendi hata moja. Sauti, nakubali, ilikuwa nzuri, ila ile amplifaya inapata moto mfukoni mpaka nikahisi paja linaiva. Oduor akashauri ninunue kama vyake. Eti vinatosha, na siku nikivichoka nitapata mteja, maana vinaingia sikio la yeyote. Iko sawa tu, ndugu yangu, akasema. Kiswahili chake nacho!

Nikinunua kama vyake kanisa zima litasema nimemuiga. Siwezi.

Kumbe kuna vya kupimiwa. Yuko mtaalamu Nyali anayewatengenezea wazee vifaa vya kusikia. Anakumiminia dawa laini sikioni, ikiganda anaitoa, na kwa umbo hilo anakutengenezea visikizi vya masikio yako peke yako. Havidondoki hata ukipinduka. Havitaki amplifaya. Bei niliisoma mara mbili, kisha nikakaa chini.

Sidi, mke wangu, akauliza kwa nini mtu asiyemsikia mkewe akimwita kuchota maji anataka vifaa vya kusikia. Nikachukua ndoo.

Alhamisi, 5 Juni

Televisheni imeuzwa. Sidi nimemwambia iko kwa fundi, Magongo, ina matatizo ya kioo. Ameniamini, na hilo limenisumbua mpaka wakati wa chakula.

Tatizo jipya. Mtaalamu anapima siku za kazi tu, na bosi wangu kule ofisi ya makontena Changamwe, Bi. Velma, hatoi ruhusa ovyo. Nilianza kumweleza habari ya msiba. Akauliza ni nyanya yupi huyo, maana mzaa mama nilimzika Februari na nikamzika tena Aprili. Nikarudi mezani kwangu.

Nilikuwa nagonga mihuri akili ilipofunguka. Ruwa! Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, na wiki hii hana kibarua. Hapa Bombolulu watu hutuchanganya kila siku. Juzi mwenye duka alimpa yeye unga niliokwisha kuulipia mimi. Masikio yetu sote ni ya marehemu baba. Kesho ataenda akiwa mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Ruwa amerudi na furaha kama mtu aliyetoka harusini. Anasema alikalishwa kwenye kiti kizuri, akaambiwa aume kipande cha plastiki, masikio yakajazwa dawa ya baridi na dunia ikanyamaza. Nusura alale. Alipoulizwa jina akasema Kaingu, bila kutetemeka. Nimejivunia sana. Nikamwambia hii ndiyo faida ya kuwa na ndugu.

Jioni, mazoezini, nilimweleza Oduor kwa huruma kwamba kitu cha saizi ya kila mtu hakiwezi kuwa kitu cha maana. Akanipa hongera. Akaniuliza kama kupimwa kunauma. Nikasema kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Vimefika. Kiboksi cheusi, jina langu limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Nimevibusu.

Haviingii.

Cha kushoto kimekatalia mlangoni. Cha kulia kiliingia nusu kikakwama, Sidi akakitoa kwa mafuta ya nazi na maneno makali. Nimejaribu nikiwa nimesimama, nimelala, napiga miayo. Sikio limevimba. Ruwa akaja kutazama, akavichukua, akavisukuma kidogo, vikakaa. Akatikisa kichwa. Akaruka. Akasema anasikia gitaa la pili ndani ya wimbo tuliousikiliza tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kujua kuna gitaa la pili. "Kaka, hivi vitu ni vitamu." Nilitaka kumpiga.

Nilimpigia simu mtaalamu nikalalamika kwa ukali. Akaniuliza kwa adabu kama nimenenepa tangu tuonane. Akasema nirudi apime upya, kwa bei ileile. Nikakata simu. Kuviuza siwezi, nimuuzie nani? Duniani pana mteja mmoja tu, naye anakula kwangu bure.

Alhamisi, 19 Juni

Keshokutwa ndiyo mazoezi. Nilijaribu kuvipunguza kwa msasa. Sidi akaninyang'anya msasa, akauliza baada ya hapo nitauza nini tena. Nikashtuka, lakini hakuendelea. Oduor naye amejitolea tupokezane vyake, yeye apige kisha anipe. Nimekataa. Nitamshindaje mtu kwa vifaa vyake?

Nina mpango mpya na huu hauna kasoro. Ruwa atavivaa. Atasimama nyuma yangu akiwa amechomekwa kwenye mitambo, akisikia kila kitu. Nikiharakisha, ananigonga bega la kulia. Nikichelewa, la kushoto. Nikitoka nje ya sauti, ananifinya. Tumefanya majaribio sebuleni, pale penye nafasi ya televisheni. Nimefinywa sana, ila naona maendeleo.

Jumamosi, 21 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Oduor alitangulia. Alipiga vizuri, basi.

Nikaketi mimi, Ruwa nyuma. Ubeti wa kwanza, bega la kulia. Ubeti wa pili, la kulia, la kushoto, la kulia tena. Kwenye kiitikio akanifinya kwa nguvu zake zote, nikapiga ukelele, waimbaji wa sauti ya kwanza wakadhani ni ishara wakaingia mapema. Mwalimu Pascalia akasimamisha kwaya akamuuliza Ruwa anafanya nini pale. Ruwa hawezi kudanganya ila akitumwa, na leo sikuwa nimemtuma. Akamwamkia shikamoo kwanza, kisha akaeleza kwamba ananisaidia kusikia. Na kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaongeza kwamba mzee mmoja wa sauti ya tatu, upande wa mlango, anaimba ubeti uliopita, kwamba sauti ya pili inashuka kila wanapovuta pumzi, na kwamba gitaa la besi lina uzi uliolegea.

Mwalimu akahakikisha, moja baada ya jingine. Yote kweli. Akamwambia Ruwa asimame mbele aongoze kwa mkono, na Oduor apige. Kwaya ikaimba vile ambavyo sijawahi kuisikia ikiimba, na mimi niliisikia bila kisikizi chochote.

Oduor ndiye atakayepiga kesho. Kiongozi wa wapigaji ni Ruwa. Ruwa, asiyejua kupiga hata kengele ya mlango! Alijaribu kukataa, akasema nafasi hiyo ni ya kaka yake. Wote wakanitazama. Nikasema akubali. Sijui nilisemaje. Mimi nimepewa kazi ya kupanga nyaya. Nilikwenda nikakaa chooni nikalia kidogo, maana kile kinanda nakipenda, na hakuna aliyeniuliza kuhusu hilo.

Jumapili, 22 Juni

Sikukuu imefana, nasikitika kusema. Mfuko wa suruali ya Oduor ulikuwa umetoboka, kwa hiyo ibada nzima nilisimama nyuma yake nikimshikia amplifaya. Ilikuwa ya moto. Askofu alimpongeza Ruwa akamuuliza visikizi vizuri namna hiyo amevitoa wapi. Ruwa akaninyooshea kidole, akasema ni zawadi ya kaka yake. Kanisa zima likanipigia makofi. Sidi akapiga pia, polepole, bila kuniondolea macho.

Tulipofika nyumbani akasema, wala hakupandisha sauti, kwamba fundi wa Magongo amepata muda wa kutosha, na kesho ataifuata televisheni mwenyewe. Nikamwambia ukweli. Chakula amempakulia Ruwa kwanza.

Jumatano, 25 Juni

Mambo yanaanza kunyooka. Mwalimu Pascalia amenihurumia, sasa ninamfunulia Oduor kurasa za nota anapopiga. Leo mazoezini nimefunua mapema mara kadhaa na kwaya imekwama. Kosa si langu. Kutoka pale ninaposimama zile nota zinafanana na sisimizi. Ninachohitaji ni miwani. Nikiipata nitasoma nota kumshinda Oduor, na kinanda kitarudi kwangu chenyewe.

Iko miwani ya kuokota tu, imetundikwa kwenye kila kibanda, ya macho ya watu wote. Hiyo siitaki. Nataka ya kupimiwa. Daktari wa macho anapima siku za kazi, na mimi ruhusa sina. Bahati nzuri dada yetu Cindy ana nafasi kesho, na kila aliyemjua marehemu mama husema yeye na mimi tumechukua macho yaleyale.