Tarumbeta la Baba kwenye Kanda

Alhamisi, 6 Novemba
Bendi ya karakana anakofanya kazi Baba inavunjwa! Jumamosi wanapiga kwa mara ya mwisho, Jumatatu ala zote zinarudi kwa meneja, tarumbeta la Baba likiwemo. Baba kasema ni sawa tu. Kisha akalipangusa mpaka chakula kikapoa. Nilipokuwa mdogo nililala kwenye mkoba wake wa tarumbeta wakati wa mazoezi, nimefunikwa koti lake la kazi lenye harufu ya grisi. Nimeamua: sauti ile nitaihifadhi. Mjomba kaniazima kamera yake ya kanda. Nzito kama pasi ya mkaa.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimeijaribu. Balaa! Imenasa pumzi zangu, na Mama akiuliza nani kamaliza sukari. Nikakimbilia kwa fundi redio. Kaniazima hedifoni na maiki ya waya mrefu. Ukiichomeka, ile ya kamera inalala, hainasi kitu. Hii ina betri yake na swichi yake. Kanisisitizia nivae hedifoni muda wote, maana macho hayasikii. Nikaitikia. Lakini hedifoni, mbele za watu! Si wataniona najifanya mtangazaji? Nimezificha kabatini.

Binamu kaiona kamera, akauliza inatumia mkaa au kuni. Yeye atarekodi kwa simu. Tutaonana!

Jumamosi, 8 Novemba
Ukumbi pomoni. Maiki nimeifunga kwenye mpini wa ufagio, mbele ya jukwaa. Meneja akaanza hotuba isiyo na mwisho. Nikaizima maiki, betri isije ikaisha kwa ajili ya meneja. Hapo nilijiona kichwa kweli. Mara Mzee Radi, mpiga ngoma, uvumilivu ukamwisha, akaanza kupiga, shukrani zikiwa bado katikati! Nikarukia kamera. Nimepata yote. Kwenye ule wimbo wa taratibu Baba alifumba macho, kama alivyokuwa akifanya zamani, na mimi kule mkobani. Nililia kidogo. Picha haikutikisika.

Jumapili, 9 Novemba
Video ya binamu inasikika kama mashine ya kusaga kokoto. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikatia yangu kwenye deki. Mashavu ya Baba yanavimba, yanavimba. Kimya. Kimya mpaka mwisho! Nimechunguza kila kitu. Ni waya. Lazima ni waya. Binamu kaniita mpiga picha wa mazishi.

Jumatatu, 10 Novemba
Baba karudi mikono mitupu. Hakujua mikono aiweke wapi. Akasema afadhali tuna kanda, na Jumatano wenzake wote watakuja kuitazama. Nikajibu ndiyo, Baba. Kwa nini nilijibu ndiyo?

Jumatano, 12 Novemba
Wamejaa sebuleni. Nimewaambia ukweli, kwamba waya umenisaliti. Mzee Radi akasema, haya binti, tuwekee hizo picha. Meneja alipoonekana akimalizia shukrani bila sauti walishangilia, wakasema hajawahi kuhutubia vizuri kiasi hicho. Ngoma zilipokolea, Mzee Radi akapiga meza kwa vidole. Mpiga saksafoni akaimba sehemu yake kwa pua. Kisha Baba akakaza midomo, na tarumbeta likatoka kinywani mwake. Lilelile! Mama akaacha kumimina chai. Mimi nilisikia harufu ya grisi.

Na safari hii nilikuwa tayari! Fundi kanipa waya mwingine. Maiki niliifunga kwenye kiti kando ya Baba tangu mapema. Walipokuwa wakipiga soga niliizima, betri isiishe bure. Walipoanza tu, nikarukia kamera. Hedifoni sikuvaa. Za nini, na sote tumo chumba kimoja?

Mpiga saksafoni anahama kesho. Nimewaahidi nakala, kila mtu yake. Baba kasema yake ataisikiliza kila Jumapili. Kanda ya leo bado sijaitazama. Sina wasiwasi hata kidogo. Waya ni mpya kabisa.