Jagi Namba Nane

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. Tena mkwe mwenyewe ni mtarajiwa. Ndoa haijafungwa, anaweza kughairi saa yoyote.

Wanaonijua wanajua mimi ni mhudumu wa baa kwenye loji moja hapa Karatu. Namimina bia, nafungua mvinyo, nawasikiliza wageni wakinusa glasi na kusema wanasikia harufu ya mti. (Mti gani, sijawahi kuuliza.) Sasa mchumba wangu Paskalina akaenda kwao Qurus kujigamba kwamba Boay wake ni mtaalamu wa vinywaji. Kumbe kikundi cha akina mama wa huko kina shindano la pombe ya kienyeji baada ya mavuno, na wanatafuta jaji asiye na upande.

Mama yake Paskalina ni mmoja wa washindani. Mtu mwenye akili angekataa.

Nimefika saa nne asubuhi. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Mwenyekiti wao, Mama Elizabeti, akanionyesha meza yenye majagi saba ya plastiki. Ya mtama, ya mahindi, ya asali, yote yamepangwa pamoja.

"Utaonja, utasema ipi tamu," akasema. "Basi."

Basi? Nikacheka kitaalamu.

"Mama, huwezi kushindanisha ya asali na ya mtama. Ni kama kushindanisha mbuzi na kuku."

"Sisi tunashindanisha pombe na pombe. Ikinyweka, imeshinda."

Nikakataa katakata. Nikataka makundi matatu, kila pombe na wenzake. Kila jagi libandikwe namba, jina la mpishi lifichwe. Maksi kwa rangi, povu, harufu na ladha, halafu mwishoni bingwa wa wote. Na kanuni kuu: jaji akianza kuonja, hakuna kumsemesha. Atakayemsemesha, jagi lake linatolewa.

Wakatazamana. Mama mmoja akasema kitu kwa Kiiraqw, benchi zima likacheka. (Mimi ni Mwiraqw. Nilielewa. Sitafsiri.)

Nikaanza. Nikazungusha kikombe kama wale wageni. Nikafumba macho. Nikanusa mpaka watoto wakaja kuangalia. Kila nikimaliza nasoma maoni yangu kwa sauti, ili watu wajifunze.

Nikafika namba nne, ya mtama. Nikakunja uso.

"Imechachuka kupita kiasi," nikatangaza. "Inanikumbusha soksi za mtu aliyeshuka mlimani. Tatu kwa kumi."

Nikamwona Mama Paskalina akifunga upya kitambaa chake kichwani, polepole sana. Nikadhani ni jua.

Nilipomaliza la saba, ulimi ulishakufa ganzi. Ndipo nikaona kule mwisho wa meza kuna jagi jingine. Limejaa. Halina namba!

"Hili mbona halina namba?" nikafoka.

Mama Elizabeti akanyoosha mkono. "Jaji, hilo..."

"Mama! Kanuni!"

"Lakini mwanangu, hilo siyo..."

"Neno moja zaidi, jagi lako linatoka."

Akashusha mkono, akakaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamua kumwachia Mungu.

Nikaandika nane kwenye karatasi, nikabandika mwenyewe, nikaonja. Jamani! Nyepesi. Ina mtama kidogo, ina asali kwa mbali, ina hata mahindi. Wengine wote wametumia kitu kimoja, huyu kaunganisha vyote! Na mwishoni kabisa, kaharufu ka ndimu.

"Huu ni ubunifu!" nikasema. (Nilisimama juu ya benchi. Naomba mjue kila kitu.) "Haiingii kwenye kundi lolote, kwa hiyo naiundia kundi lake: Pombe Nyepesi ya Mchanganyiko. Na ndiyo bingwa wa wote! Aliyeipika asimame!"

Hakuna aliyesimama.

"Asione aibu! Asimame tumpongeze!"

Mama Paskalina ndiye aliyeinuka. Mama mkwe ndiye bingwa! Harusi imepita!

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hayo ni maji tunayosuuzia vikombe. Ndimu unayoisikia ni sabuni. Ya kwangu ni namba nne."

Sijui niliwezaje kushuka kwenye benchi lile. Nakumbuka tu akina mama walikuwa wameegemeana, wengine wamekaa chini kabisa, na mzee mmoja alikuwa analia machozi huku akiomba aletewe bingwa aonje.

Mama Elizabeti akafuta matokeo yangu yote, akaamuru majagi yagawiwe kwa watu. Litakalokwisha kwanza ndilo limeshinda. Namba nne halikumaliza hata dakika kumi. Majagi mengine yalikuwa bado nusu.

Nikaenda kwa Mama Paskalina, nikainama. "Mama, naomba unisamehe kwa yale ya soksi."

"Nikusamehe nini? Hukunitukana mimi, umeitukana pombe." Akanipa kikombe alichokusanyia matone ya mwisho ya jagi lake. "Iombe msamaha yenyewe, hii hapa. Bila kunusa."

Nikanywa. Ilikuwa tamu. Wallahi ilikuwa tamu kuliko zote, na asubuhi nilikuwa bize sana kuizungusha.

Kuhusu ndoa, mkwe hajasema lolote. Paskalina amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Nimeusikiliza wote, hakuna hata neno moja ndani yake, ni kicheko mwanzo mwisho. Kinatosha. Nyie wengine naomba msiongeze.