Unga wa Uyoga wa Wifi

Jumanne, 3 Juni

Macho yamechoka. Leo uzi umenikataa hadi mume wangu akanitungia sindano, huku akipiga mluzi. Ushonaji hautanifikisha mbali. Wifi yangu, dada yake huyo mpiga mluzi, ana chumba cha uyoga na wateja wanamfuata mlangoni. Nimwombe anifundishe? Thubutu. Alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba sina subira. Subira ninayo. Ninachokosa ni muda wa kuitumia.

Nimesoma mahali: chini ya kofia ya uyoga kuna vikunjo vyembamba kama kurasa. Humo hutoka unga, na kila chembe ni uyoga mtarajiwa. Unailaza kofia kifudifudi juu ya karatasi, unafunika kwa bakuli, unaacha. Kofia moja inatosha. Kofia moja si wizi.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda kumsalimia wifi. Kanipokea vizuri mno, hadi nikaona vibaya. Kanipa kitambaa cheusi nimshonee gauni, eti ana siku muhimu. Hakusema ipi. Aliponipa mgongo kumimina chai, kofia moja pana kutoka kapu la mezani ikaingia mkobani.

Nyumbani nimeilaza juu ya karatasi nyeupe pee, ili unga uonekane vizuri.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefunua. Karatasi tupu. Nimeipeleka dirishani, nimeigeuza, hamna kitu. Nikaikunja, nikaitupa jalalani. Kumbe wifi ni mjanja hivyo, wageni anawawekea uyoga tasa! Nimewaza sana. Mtu kuficha mali yake kiasi hicho, anaogopa nini?

Mume wangu akaingia ghafla. Kofia nikaibwaga kwenye meza ya kukatia, bakuli juu. Kesho nitaitupa.

Ijumaa, 6 Juni

Ole wangu. Mezani kulikuwa na gauni la wifi, nimeshalikata. Kofia imelala kifuani pake.

Nilipoinua: duara jeupe, mistari myembamba ikitoka katikati. Hakuna fundi ambaye angeweza kudarizi vile. Nikakaa nikatazama tu. Uyoga umekatwa kwenye shina lake, na bado umemwaga kila ulichonacho, kimya kimya, juu ya chochote ulichowekewa. Hata juu ya karatasi yangu. Unga mweupe, karatasi nyeupe. Nimetupa shamba zima kwa mkono wangu.

Nikapangusa. Ukasambaa. Papo hapo wifi akabisha hodi, amekuja kupima.

Hakupandisha sauti. Aliinama, akatazama, akasema uyoga huo ni wake. Nikasema ni pambo. Akauliza kwa nini sikumwomba. Nikalia.

Ndipo akanieleza. Gauni ni la kwenda kwa mteja mkubwa, na alitaka twende wote, tushirikiane, maana mgongo unamsumbua. Siku zote hizi alikuwa akitafuta namna ya kuniomba. Aliogopa nitamkatalia. Halafu akasema unga ule nyumbani usingeota kamwe, ungeoza tu. Hata yeye hununua mbegu zilizooteshwa tayari.

Jumamosi, 7 Juni

Wifi kanisamehe. Nimeona haya, na nimefurahi. Jumatatu ataanza kunifundisha kila kitu, hata mambo ya chumba cha pili anachokitia kufuli. Uyoga wa huko, anasema, unga wake ni wa rangi ya kahawia iliyokolea.

Nimejifunza somo ambalo sitalisahau maisha yangu yote: unga mweupe, kitambaa cheusi.

Jumatatu ni mbali. Shuka jeupe ninalo.