Upande wa Kushoto wa Bi Zaituni

Leo nimeaibika, jamani. Tena mchana, tena mbele ya watu wanaoniamkia shikamoo. Na sheria iliyonifunga mdomo nimeitunga mwenyewe.

Wengi mnanijua. Natengeneza feni na redio hapa Morogoro, na kuchora nimejifunza peke yangu, ukubwani, kwa penseli za rangi. Nachora sura za wahusika wa kubuni. (Neno "kubuni" mlishike.) Kila Jumamosi tunakutana wachoraji watatu kwenye kibaraza cha hoteli ya Mama Hadija: mimi, Neema anayefundisha chekechea, na Mashaka, mchora mabango. Mashaka ni Mzigua, mimi Mluguru, kwa hiyo ni mtani wangu na ana ruhusa ya kunisema anavyotaka bila mimi kununa. Anaitumia.

Sheria yangu ni hii. Picha inawekwa mezani, wengine wanatoa maoni, na aliyechora hasemi neno mpaka wote wamalize, maana mtu akianza kujitetea hasikii tena. Akiwepo mgeni, mgeni ndiye anaanza. Jicho lake halijazoea makosa yetu.

Sasa Bi Zaituni. Analima kabichi na karoti Mlali, huko milimani, na kila Jumamosi hushuka nazo sokoni. Mumewe alifariki, kama mke wangu. Mazungumzo yetu yote, tangu nimfahamu, ni haya: "Karoti zipo?" "Zipo, kaka." (Sungura wa jirani yangu, ninaowapa karoti hizo, wamenenepa hawawezi kuruka.) Wiki iliyopita muuza vitunguu anayekaa kushoto kwake akaniambia kwamba mavuno haya yakiisha Bi Zaituni hashuki tena. Lori la Dar litakuwa likifuata mboga shambani.

Nikasema, "Ala." Nikaenda nyumbani nikachora, kabla sura haijanipotea. Nilianza na zambarau, kahawia ikafuata juu yake, tabaka kwa tabaka, ili ngozi nyeusi iwe na joto isifanane na ubao wa darasani. Kisha nikamvika taji, ili asitambulike.

Leo asubuhi sokoni nafasi yake ilikuwa tupu. Nimesimama pale mpaka muuza vitunguu akaniuliza kama naumwa. Nikaja kibarazani nimenyong'onyea, nikaweka picha mezani, nikatangaza: "Malkia wa Milimani. Wa kubuni."

Mama Hadija akatoka jikoni na mtu. "Huyu kaniletea kabichi za mwisho, anangoja bodaboda ya kumpeleka stendi. Mpeni kiti."

Bi Zaituni! (Nilitafuta mlango. Kibaraza hakina mlango.)

"Shikamoo, mama," Neema akasema kwa adabu zake zote. "Hapa mgeni ndiye anaanza. Tazama picha, sema lolote unaloliona."

Nikafungua mdomo. Mashaka akaninyooshea kidole. "Kimya, Mluguru! Sheria yako hiyo."

Bi Zaituni akafuta mikono kwenye khanga, akainama. Alitazama muda mrefu. Mashaka naye akatazama picha, akamtazama yeye, akarudi kwenye picha. Nikaona meno yake yakitoka moja baada ya jingine.

"Rangi nimeipenda," Bi Zaituni akasema. "Sikujua weusi unaweza kung'aa hivi kwenye karatasi. Ila huyu malkia ana kovu la mafuta ya moto shavuni. Malkia gani anakaanga maandazi?"

Mashaka akapiga meza kwa kiganja.

Neema, akidhani ananisaidia, akafungua mkoba akatoa picha zangu za zamani, zile anazowatundikia watoto darasani. "Hawa ni wahusika wake wengine, mama." Muuguzi. Hakimu. Nahodha wa meli. Wote na kovu shavuni. Hata nahodha, ambaye nilimwekea ndevu.

"Mbona wote nimewaona upande wa kushoto tu?" Bi Zaituni akauliza taratibu.

Hapo ndipo nilipovunja sheria. "Kwa sababu huwa nasimama kwa muuza vitunguu," nikasema.

Kichwani mwangu yalikuwa maelezo ya kiufundi. Yalipotoka nje hayakuwa hivyo. Jikoni mwiko ulisimama. Mashaka alianguka na kiti chake. Alianguka kweli, sitii chumvi.

Bi Zaituni hakucheka. Afadhali angecheka. Bodaboda ikapiga honi barabarani, naye akajifunga khanga vizuri, akasimama.

"Upande wa kulia hujauona," akasema, "na mimi huku sishuki tena. Ukikosea, nani atakusahihisha, kaka?"

Swali lile lilikuwa linangoja jibu. Neema alilijua. Mama Hadija alilijua. Yule wa bodaboda alizima injini kabisa ili asikie. Mimi je? Mimi nilikumbuka kwamba Neema na Mashaka walikuwa bado hawajatoa maoni. Nikafumba mdomo, kwa utaratibu.

Alingoja. Nawaambia alingoja. Kisha akapanda, wakaondoka.

"Sheria imefutwa, we Mluguru!" Mashaka akapiga kelele akiwa bado sakafuni. "Sema!"

Nikakimbilia barabarani. "Wewe!" nikaita kwa nguvu zangu zote. "Wewe ndiye!"

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akainua kichwa. "Mimi nimefanya nini, mzee?"

Sasa niko nyumbani. Milima naiona dirishani, na Mlali iko nyuma ya bega la mlima, haionekani. Nimejaribu upande wa kulia, nikafuta, nikajaribu tena, mpaka karatasi imeota manyoya. Sijui jicho lile linakaaje. Sijui kama akicheka linafumba.

Picha hiyo hapo chini. Maoni nayapokea, ila yahusu rangi tu.