Uvimbe wa Meneja

Jumatatu, 3 Juni. Iyunga.
Balaa! Namkuna Meneja ubavuni, vidole vikagota kitu kigumu kama harage. Chekundu, hakina nywele. Meneja ni mbwa wa mama mkwe wangu, Mama Rozalia wa Igowole. Katuachia, yeye yuko Iringa kwa bintiye aliyejifungua. Tangu baba mkwe afariki, mbwa huyu ndiye hulala mlangoni pake. Akimkuta hivi, nimekwisha! Mke wangu Faustina sijamwambia.

Jumatano, 5 Juni.
Nimempeleka kwa Daktari Eveline wa mifugo. Kamchoma sindano nyembamba, kachungulia darubini, kakunja uso. Kansa ya ngozi! Mbwa naye? Nikakaa kwenye ndoo. Ilikuwa na maji. Akasema lazima akate na nyama nzima inayozunguka, kisha kipande kiende maabara. Mizizi ikibaki, uvimbe unarudi. Nikauliza kovu litakuwaje. Akanionyesha kiganja. Kiganja kizima! Mama mkwe ataliona akiwa bado barabarani. Nikaaga kwamba nakwenda kujipanga.

Alhamisi, 6 Juni.
Nimejipanga. Ezron, fundi wa kuhasi nguruwe, anasema madaktari hukuza mambo. Nikamwomba kovu lisizidi kifungo cha shati. Akachoma ganzi, akakata, nyuzi tatu, kwisha! Kipande tumekitupa chooni. Meneja kanilamba mkono. Mimi ni mtu wa akili sana.

Jumamosi, 13 Julai.
Mungu wangu! Umerudi! Pale pale kwenye kovu, mkubwa kama kitunguu, na mwingine mdogo pembeni. Nimeukodolea macho mpaka chai ikapoa. Saa hiyo hiyo simu ikaita: mama mkwe anafika kesho. Nimemvalisha Meneja sweta ya Faustina. Baridi ya Julai, nani atauliza?

Jumapili, 14 Julai.
Aliuliza. Meneja alimrukia, akalia kama mtoto. Mama akamkumbatia, mkono ukaingia chini ya sweta, ukasimama.
"Anord, baba, hiki nini?"
Nikasema kifungo. Sweta haina vifungo. Faustina akaivua. Damu! Nikaungama yote, Ezron na choo pia. Nilitegemea kufokewa. Mama akakaa chini, akasema polepole kwamba marehemu mumewe naye alikuwa na uvimbe mguuni, akaficha mwaka mzima ili asimtie hofu.
"Na wewe, mkwe wangu, ukanificha."
Nikaokota sweta, nikaikunja mara tatu. Faustina hajanisemesha hadi sasa.

Jumanne, 16 Julai.
Upasuaji, saa mbili nzima. Daktari Eveline kasema mbele ya wote kwamba kisu cha kwanza kiliacha mizizi, na safari hii hatari ya kurudi imezidi. Kovu linaanzia begani, linaishia karibu na kiuno! Nilishtuka hadi nikashika ukuta. Mama hakulitazama hata kidogo. Alikuwa anatazama kama kifua kinapanda na kushuka. Kilipanda. Nilitoka nje, nikajifanya napenga mafua.

Jumatatu, 29 Julai.
Majibu ya maabara: kingo za kipande ni safi, hakuna mzizi uliobaki! Hata hivyo daktari kaagiza Meneja apapaswe mwili mzima kila mwezi, asiachwe. Mama kamchukua kwenda Igowole. Kaagiza, kwa upole, nisimguse tena.

Sawa. Ila elimu niliyoipata haiwezi kupotea bure. Jioni nimepita dukani kwa Kokila, nikamkuta anafuta machozi. Mbwa wake kaota kinundu shingoni, kesho anampeleka kwa daktari. Nikamwambia asihangaike, dada yangu, mtaalamu amesimama hapa. Kafurahi, kanipa uzi na wembe mpya. Kesho saa tatu asubuhi nakata mwenyewe. Kwani kuna nini cha ajabu? Upasuaji wa Meneja niliuchungulia dirishani mwanzo hadi mwisho, ukitoa pale nilipozimia.