Damu ya Naeku na Amplifaya ya Kivuva

Siku ya mnada Kitengela, mwaka wa elfu mbili na tatu, Kivuva alikuwa ameketi mbele ya maabara yake akingoja mjinga. Hakungoja sana. Mji huu haujawahi kukosa wajinga. Wanaokosekana ni wajinga wenye mifugo.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha mabati, koti jeupe, na amplifaya ya kukuzia sauti aliyoinunua kutoka kwa kanisa lililofilisika. Taa zake nyekundu ziliruka kila Kivuva alipokohoa karibu na maikrofoni aliyoificha chini ya kitambaa. Kwa taa hizo alikuwa ameshapima malaria, wivu, na bahati ya kupata viza. Udaktari wake aliusomea kwa miaka miwili ya kupiga deki katika maabara ya kweli, ambako alikariri maneno ya kwenye fomu kama wengine wanavyokariri Zaburi.

Ndipo akamsikia Mama Soipan, mwenye kondoo wasiohesabika, akimfokea mke wa mwanawe katikati ya mnada.

"Angalia hiyo miguu! Angalia hiyo uso! Mimba ya miezi nane, na wewe unakula kwa kujificha kama fisi!"

Wapo kina mama wa Kimaasai wa zamani wanaoishika sana desturi hii: mja mzito akikaribia kujifungua hupunguziwa chakula, ili mtoto awe mdogo na atoke bila shida. Basi Naeku, mke huyo wa mwanawe, alipovimba uso na miguu, mama mkwe hakuona ugonjwa. Aliona wizi wa maziwa.

"Sopa, mama," Kivuva alimsalimu kwa Kimaasai, koti lishavaliwa.

"Epa."

"Mdomo unaweza danganya. Damu haiwezi. Niko na mashine inaonyesha kila kitu mja mzito amekula, hata kijiko moja."

"Hata nyama?"

"Nyama ndio inapiga kelele kabisa."

Bei ilikuwa kondoo jike mnono. Soipan alimtoa papo hapo, akaapa mbele ya watu kwamba damu itakavyosema ndivyo itakavyokuwa. Alitaka mashahidi wa ushindi wake, maskini.

Kivuva akamwacha mama mkwe nje, eti damu ikimwona mkwe inaficha maneno, akamdunga Naeku kidole. Msichana alikuwa amefumba macho kwa kuumwa kichwa. Kivuva, tuseme ukweli, hakumtazama. Alikuwa akimtazama kondoo kupitia dirishani.

"Daktari," Naeku akanong'ona, "yeyo, huyu mama ya bwanangu, amekulipa kondoo moja. Mimi nitakupatia mitamba mbili."

Kivuva akapaliwa na mate, akakohoa. Taa zikaruka zote.

"Andika sijakula kitu. Andika damu imeharibika juu ya mimba, ni kali sana, nipelekwe hospitali ya Kajiado leo. Na utusindikize, ndio yeyo asigeuke njiani."

"Unatoroka kazi ya boma, eeh? Unataka kitanda ya serikali?"

"Mitamba mbili, daktari. Ya nyumba yangu."

Aliandika kwa raha. Akamwaga kila neno alilowahi kupitisha deki chini yake: chembe za kugandisha damu zimeshuka, ini limelemewa, figo zimechoka, asidi imepanda. Akaisoma karatasi mbele ya umati kwa sauti ya hakimu. Soipan alifungua kinywa abishe, lakini soko zima lilikuwa limemsikia akiapa. Pikapu ya jirani ikakodiwa, Kivuva akapanda nao.

Kajiado, damu ilipimwa kwa mashine isiyojua kuimba. Daktari wa zamu akatoka mbio akiwa na karatasi mbili, yake na ya Kivuva.

"Nani alipima hii?"

Kivuva alikadiria umbali wa mlango. "Ni... ni mimi."

"Chembe ziko chini, ini na figo zimeguswa, presha iko juu sana. Mngengoja mpaka kesho, angepata kifafa cha mimba. Tungewapoteza wote wawili. Tunapasua sasa hivi. Umeokoa watu, bwana!"

Hakuna kinachomtisha mwongo kama kuambiwa amesema kweli. Kivuva akamtazama Naeku kwa mara ya kwanza, akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho hayafunguki vizuri kwa uvimbe. Aibu ikamshika, aibu ya kweli, ikadumu kama dakika mbili nzima.

"Atahitaji damu," daktari akasema. "Wewe ni group gani?"

"O," Kivuva alijibu kabla ulimi haujashauriana na kichwa.

"Safi. Mlango ule."

Soipan mwenyewe alimshika mkono asipotee njia. Painti nzima ikatoka. Kivuva alipokuwa bado amelala kizunguzungu, mama akainama sikioni.

"Kondoo ilikuwa ya kuonyesha mwizi. Mwizi hakuna. Nitapitia kwako kumchukua."

Nguvu za kubisha zilikuwa ndani ya chupa.

Siku ya tatu alirudi wodini kwa ajili ya mitamba. Naeku alikuwa ameketi, uso umepungua, mtoto wa kiume ubavuni.

"Kumbe ulijua wewe ni mgonjwa?"

"Nesi wa kliniki aliniambia wiki iliyopita nikimbie Kajiado. Yeyo akasema nesi hajui kitu. Halafu nikaona amepata mtu anaweza amini."

"Haya. Mitamba yangu?"

"Ng'ombe ya nyumba ya bibi ni ya kijana wake, daktari. Hata bwanangu hawezi toa tu hivi hivi. Mwenyewe ndio huyu. Muulize."

Kivuva akainama kumtazama mwenye ng'ombe. Alikuwa na kilo mbili na umri wa siku tatu, na alikuwa amelala fofofo, ngumi zote mbili zimefungwa.